Herufi Kubwa

"JAZA KWA HERUFI KUBWA," fomu imeamuru,
na maisha yangu yote ni ya herufi ndogo:
uji wa alfajiri, deni la unga kwa Mpemba wa kona,
kofia za oda, tundu moja baada ya tundu.

JINA. MEJUMAA BWIKA NYAWA.
Visanduku vimeisha kabla yangu.
Herufi ya mwisho imebaki nje,
imeshikilia mlango.

URAIA. Kalamu ya ofisi
imefungwa uzi mezani kama mbuzi wa Idi.
Mama yangu yuko Vanga. Kuku wake
huvuka kwenda kutagia Jasini,
na hakuna aliyemuuliza
mayai ni ya nchi gani.

TAREHE YA KUINGIA NCHINI.
Ipi? Ya basi la Horohoro, na muhuri uliokauka wino,
au ile ya mgongoni kwa bibi, nina miaka mitatu,
tukija matangani Moa kwa njia ya mikokoni,
maji yamekupwa, na bibi akinikanya nisilie
kabla hatujafika kwenye kilio?
Kisanduku kina nafasi ya tarehe moja.

Afisa ni kijana mpole wa Musoma.
Joto la Tanga bado linamdai jasho.
Ananisikiliza, anaweka karatasi chini:
"Mama, Kiswahili chako kizuri. Ulijifunzia wapi?"
Nikameza mate.
"Nilikikuta nyumbani."

LENGO LA KUJA.
Nilitaka kuandika: Shekue,
fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne,
aliniziba pancha akakataa hela.
Kesho yake ikapasuka palepale.
Keshokutwa, palepale.
Nimeandika NDOA.
Herufi nne. Zimeenea, na nafasi imebaki.

UNAFANYA KAZI?
Hapana, nasema, na kidole gumba
chenye vidonda vya sindano nakikunja kiganjani.
Wazee walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Hapa jembe lina kibali chake,
na kibali kina ada,
na ada ina namba ya malipo,
na namba inatoka kwenye kompyuta,
na kompyuta inangoja mtandao,
na mtandao, asema afisa akiutikisa waya,
"uko chini toka asubuhi."

Basi tukakaa, benchi zima la wageni.
Mkongo msusi anayesinzia na faili kifuani.
Mhindi wa mashine za mkonge, picha zake zimerudishwa:
nyuma nyeupe, walitaka bluu.
Na Sista Leokadia, miaka thelathini na moja zahanati,
ambaye kila baada ya miaka miwili huomba upya
ruhusa ya kuishi jirani na kaburi
alilokwisha kulichagua.
Mkobani ana gundi, pini, na nakala za akiba.
"Tatu," ananinong'oneza, "wakisema mbili, wewe toa tatu."

Muuza chapati akapita dirishani.
Leso yake imeandikwa nyuma:
WAJA LEO WAONDOKA LEO.
Sista alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

MUDA UNAOOMBWA.
Hapo ndipo nilipokwama.
Mwanamke huomba miezi mingapi ya mumewe?
Nikimwomba sita, ni tamaa? Nikimwomba mitatu,
atadhani nimeshamchoka?
Nikaacha wazi. Afisa akajaza mwenyewe,
kwa herufi kubwa, bila kuniangalia.

Saa tisa mtandao ukarudi, ukaondoka.
"Njoo Alhamisi, mama."
Nimefika mlangoni akaniita tena, sauti chini,
macho kwenye droo:
"Jumapili naenda kujitambulisha ukweni, Pongwe.
Wameniambia nisiende kichwa wazi.
Kofia nzuri, ile ya mkono,
naweza kuipata kwa nani?"

Nikamtazama.
"Sijui, mwanangu. Mimi sifanyi kazi."

Lakini jicho langu, halina adabu jicho hili,
lilishampima:
inchi ishirini na mbili u nusu.